Mama Mkwe, Bomba la Moshi Tulilifua Wawili

Mpendwa Mama Mkwe,

Kwanza nakohoa. Ndivyo nilivyofanya miaka yote uliyokaa nyumbani kwangu Njombe. Nikitoka shambani nakohoa mara mbili kwenye kona ya zizi, nawe kama uko uani unavuta shuka usoni na kugeukia ukutani mpaka nipite. Basi ukisikia barua inakohoa, ujue ni mimi. Geuka taratibu, usiuumize mguu.

Kesho tunakuja Makambako kuweka msalaba juu ya kaburi lako. Wazee wamekwisha kaa wakaamua nani atasema nini, na mimi wameniambia kuwa mkwe hasemi mbele ya mama mkwe wake, awe hai, awe amelala. Nikawauliza, je, anaweza kuandika? Shauri la namna hiyo lilikuwa halijawafikia. Nikaondoka haraka kutafuta karatasi kabla hawajapata jibu. Atakayesoma mbele ya watu ni binti yako, Mama Tito, na kwa kuwa namjua, najua ataruka kila mahali nitakapomtania. Kwa hiyo nimemtania mahali pengi, yatabaki mawili matatu.

Unakumbuka siku nilipolileta lile lori. Wewe hukuliona, ulilisikia tu: maksai wanne wakihema, watu wakipiga miluzi, na mimi nikitoa amri ambazo hakuna ng'ombe wala mtu aliyezifuata. Lilikuwa limeachwa na Mzungu mmoja mkulima wa pareto aliyerudi kwao baada ya vita. Miaka kadhaa lilikuwa limelala kwenye majani, kanga wametaga kwenye kiti cha dereva, na panya wamejaza manyoya ndani ya radieta. Mimi nilikuwa nimewaambia watu wote wa Njombe kwamba vitani nilikuwa dereva wa malori ya keya, jeshi la Mwingereza. Kusema kweli, nami nasema kwa sababu sasa huwezi kunicheka usoni, vitani niliosha malori. Kuendesha walinifundisha miezi ya mwisho, wakati hapakuwa tena na mtu wa kugongana naye.

Maksai wakalivuta mpaka uani, na mahali pekee palipokuwa tambarare palikuwa mbele ya mlango wako. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikarudi nyuma kulitazama kama mtu aliyejenga kanisa.

"Baba Tito," mwanao akaniambia, "umemfunga mama yangu."

"Nimemfunga vipi?"

"Wewe utashinda hapa kutwa na nyundo. Yeye atatokaje? Atashinda amegeukia ukuta mpaka lori lako lipone?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Lori halikusogea tena, maksai walikuwa wamekwisha rudi kwao. Ikabidi nijenge wigo wa mianzi, mrefu kuliko mtu, kati ya mlango wako na lori. Upande wako ukabaki na jua la asubuhi, jiwe lako la kukalia na kuku wako mweupe. Upande wangu ukabaki na chuma. Ndivyo tulivyoishi, miezi minne, hatua tatu kutoka kwangu mpaka kwako, bila kuonana.

Sikujua kwamba ulikuwa ukisikiliza. Siku ya kwanza kabisa nilikuwa napigapiga springi moja iliyopinda, nikasikia sauti yako nyuma ya wigo, polepole, na lafudhi yako ile ya Upangwa ambayo Wabena hawakuweza kukuondolea miaka arobaini.

"Wewe kuku," ulisema, "chuma baridi hakipigwi. Kitakatika."

Nikaendelea kupiga. Kikakatika.

Nikakaa chini nikatafakari. Mama mkwe hawezi kumsemesha mkwe, hilo linajulikana. Lakini hakuna aliyemkataza kumsemesha kuku. Nikasafisha koo, nikasema, "Kuku, muulize huyo aliyekwambia, sasa nifanyeje?"

"Kuku," ukajibu, "moto kwanza. Hata uji hawapiki hivyo."

Tangu siku hiyo tukawa na mkalimani. Mwinjilisti alipita akatukuta katikati ya mazungumzo, akasimama nje akiwa na kitabu chake kwapani, akasikiliza watu wazima wawili wakimwuliza kuku habari za boliti. Akamwuliza Mama Tito kama tuko wazima. Mama Tito akamwambia, "Mwinjilisti wangu, wacha tu. Wanapatana."

Mambo ya injini sitayarefusha. Pistoni zilikuwa zimegandamana, nikazimiminia mafuta ya taa, nikangoja siku tano, nikazungusha hendeli mpaka mgongo ukalia kabla ya injini. Ilipowaka kwa mara ya kwanza nililia machozi, na nilimwambia kila mtu kuwa ni moshi. Moshi ulikuwepo kweli, maana bomba la moshi halikuwepo. Lilikuwa limeoza lote, kimebaki kisiki cha kiganja kimoja kikitoka ubavuni mwa injini, na kelele yake ilikuwa ya kuamsha kambi nzima.

Na hapo ndipo ukaja ujumbe wa Anna.

Anna, kitinda mimba wako, alikuwa amebaki Makambako kwa baba yake mdogo baada ya mzee wako kufariki. Siku ya harusi ilikuwa imepangwa, majuma matatu mbele. Akatuma neno kwamba asipotolewa ndani na mkono wa mama yake, akapakwa mafuta na mama yake, basi hatoki, na bwana harusi anaweza kurudi kwao na wapiga ngoma wake. Tulimjua Anna. Hakuwa anatania.

Nawe miguu yako ilikuwa imekataa. Ulipohamia kwetu uliletwa kwa machela, wanaume wanne wamekubeba njia nzima, na ulituambia mara nyingi jinsi watu njiani walivyovua kofia na kusimama kimya wakidhani ni maiti. Ukaapa kwamba hubebwi tena ukiwa bado unapumua. Kwenye malori ya wafanyabiashara, utingo angekupakia mgongoni kama gunia la viazi, na hilo nalo ulilikataa. Ulimwambia kuku, nikasikia: "Nitapanda kwa miguu yangu, au sitakwenda." Kisha ukanyamaza siku mbili, hata kuku hukumsemesha. Sijapata kusikia ua umetulia vile. Nikajua kuwa lori lisipotengemaa, Anna atatoka kwenye nyumba ya baba mdogo kama binti asiye na mtu, au hatatoka kabisa, na wewe utakaa nyuma ya mianzi yangu ukisikiliza chuma ambacho hakikupeleki popote.

Mimi nilikuwa nimepanga kila kitu vizuri. "Mama atakaa mbele kwenye kiti chenye godoro," nikamwambia Mama Tito.

"Mbele na nani?"

"Na dereva."

"Dereva ndiye nani, Baba Tito?"

Bega kwa bega na mama mkwe, kutoka Njombe mpaka Makambako. Afadhali ningekuomba unibebe mgongoni.

Kwa hiyo ulikuwa lazima ukae nyuma, kwenye bodi. Nikatengeneza ngazi yenye vidato vifupi na kishikio cha mkono, nikafunga kiti. Kisha nikampandisha Mama Tito nyuma kujaribu, tukazunguka mpaka kanisani na kurudi. Aliposhuka sikumtambua. Uso ulikuwa mweusi mpaka kope, anakohoa kama mtu aliyelala jikoni. Moshi wote ulikuwa unapita chini na kupanda kwenye nafasi za mbao.

"Mimi nina mapafu ya kijana," akasema. "Mama yangu unataka umfikishe akiwa nani?"

Nyuma ya wigo nawe ukamwambia kuku: "Nilikuja nikiwa maiti. Kurudi sitarudi nikiwa nyama ya kukausha."

Basi ikawa wazi. Bomba la kawaida, lile la kupita chini na kutokea nyuma, halitufai. Lilitakiwa bomba ambalo halipo kwenye lori jingine lolote: litoke ubavuni mwa injini, lipande pembeni mwa mlango, lipite paa, limwage moshi juu ya kichwa chako mbali huko kwenye mawingu ya Njombe. Na liwe kimya, kwa sababu ukiwa nyuma na mimi mbele, nisiyeruhusiwa kukutazama, ungeniitaje kama umeshikwa na jambo?

Sasa naingia kwenye fedheha yangu, na namwomba msomaji asiruke hapa. Nilitazama kulia na kushoto nikitafuta kitu kirefu, cha mviringo, chenye tundu katikati. Mtu wa kwingine angetafuta chuma. Mbena anaona mwanzi. Nikakata mwanzi mnene kwenye shamba letu la mianzi ya pombe ya ulanzi, bado unadondosha utomvu, nikatoboa vifundo vyake kwa chuma cha moto, nikaupaka udongo nje unene wa kidole. Ulipendeza. Niliwaita majirani waje waone akili.

Injini ikawaka. Mwanzi ukatoa moshi juu, wima, mzuri kama wa nyumba ya Mzungu. Nikafungua mikono nipongezwe. Ndipo kifundo cha kwanza kikapasuka. Wewe unajua mwanzi mbichi ukishika moto unavyolia: ni bunduki kabisa. Kikafuata cha pili, cha tatu, udongo ukiruka, na mimi, askari wa zamani wa keya, nikajikuta nimelala kifudifudi nyuma ya hori la ng'ombe nimeshika kichwa. Majirani walikuwa wamekwisha fika kwenye miti ya miwati.

Nikiwa pale chini nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimwoe mwanao. Ulikuwa unacheka. Ulianza kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta, kisha ukashindwa, ukacheka mpaka ukapiga jiwe lako kwa kiganja. Mama Tito alitoka jikoni na mwiko akasimama. "Mama anacheka," akasema, kama anayesema mvua inanyesha kiangazi. Hukuwa umecheka tangu mzee wako afariki. Nilibaki nimelala vumbini, mama, nikafikiri: hata kama bomba halitapatikana, siku hii sitairudisha.

La pili nililitengeneza kwa mabati ya madebe, nikayalehemu kwa risasi kama mafundi wa taa. Hilo halikupasuka. Liliyeyuka kwenye viungo likalala chini kwa adabu. Siku tisa zilikuwa zimebaki.

Ndipo ukaniita. Si jina, la hasha. Ulisema, "Kuku, njoo karibu na wigo." Kuku hakuja, mimi nikaja, nikageuza mgongo kwenye mianzi nikakaa. Ukaanza kusimulia habari ambazo hata mwanao hakuzijua: kwamba baba yako alikuwa mhunzi kule Upangwa, na kwamba mwanamke hakuruhusiwa kukaribia tanuri lake, na kwamba wewe kila alipokufukuza uliingia kwenye majani ya upande wa pili, ukalala kwa tumbo, ukatazama. Miaka mingi. Uliona jinsi alivyokunja chuma juu ya gogo gumu. Uliona mirija ya udongo iliyopeleka upepo motoni bila kupasuka, na ulijua udongo wake ulichanganywa na nini.

"Baba alikuwa mkali," ulimwambia kuku. "Sasa ni nani atakayenifukuza? Mimi ni mzee, na wigo upo."

Mama Tito akaleta ngozi mbili za mbuzi. Ukazishona mwenyewe, mivukuto miwili, ukaiweka upande wako. Mrija wa udongo ukapita chini ya wigo ukatokeza kwenye moto wangu. Miguu yako ilikuwa imechoka, lakini mikono, mama, mikono yako ilikuwa ya mtu aliyelima ulezi maisha yote. Ulipoanza kuvukuta, makaa yakanguruma.

Siku tatu tulifanya kazi hivyo. Mimi nilikata bati la pipa la lami, nikaliweka motoni, upepo wako ukaja. Nilijua unachotaka kwa mwendo wa upepo tu. Ukienda taratibu, ningoje. Ukienda mbiombio, nitoe sasa, nikunje juu ya gogo, nigonge kingo zishikane. Nilipochelewa ulisema, "Kuku, amelala huyo?" Nilipoharakisha ulisema, "Kuku, mwambie hatuchomi mahindi." Kipande kwa kipande bomba likawa refu, likapinda pale pa kupinda, na katikati yake tukatia tumbo la kunyamazisha, bomba dogo lenye matundu ndani ya bomba kubwa. Hilo nililikumbuka kutoka kwenye malori niliyoosha, nashukuru kwamba niliyaosha vizuri.

Viungo vilibaki. Ukasema, "Udongo wa kichuguu, majivu, na makapi ya ulezi." Ukaukanda mwenyewe, ukaupitisha chini ya wigo, bonge limefungwa kwenye jani la boga. Nikapaka shingoni, pale bomba linapokutana na injini, nikauacha ukauke. Siku ya pili nikawasha. Tukasikiliza wote, wewe kule, mimi huku. Lori lilinguruma kwa chini, kama mzee anayeitikia sala. Moshi ukapanda ukapita paa ukaenda zake. Kisiki hakikuvuja hata uzi.

"Kuku," ulisema, "kaniletee shuka langu jipya."

Safari mwanao atakumbuka kuliko mimi, kwa sababu alikuwa nyuma nawe, mimi nilikuwa mbele nimefunga kioo cha pembeni kwa leso nisije nikakuona kwa bahati mbaya. Nilikaa ndani ya chumba cha dereva nimeinama kama mwizi wakati unapanda. Nilisikia kidato cha kwanza. Cha pili. Mama Tito akasema, "Nikushike, mama?" Ukasema, "Shika kikapu." Cha tatu, cha nne. Kiti kikalia.

Tulikuwa tumefunga kamba kutoka kwenye kiti chako mpaka kwenye kengele ya ng'ombe juu ya kichwa changu. Ikilia, nisimame. Tulipoacha miwati na upepo ukaanza kuwa wa vumbi la Makambako, ikalia. Nikakanyaga breki, nikazima, nikaruka chini nikiwa nimegeukia porini.

"Mama Tito, kuna nini? Ameanguka?"

Kisha mwanao akasema, na nilijua kwa sauti kuwa anajizuia, "Mama anasema hamna kitu. Alitaka kujua kama kamba inafanya kazi."

Tulifika mchana wake. Watu wa harusi walikuwa wamesikia kuna lori linatoka Njombe, wakajipanga mbele ya nyumba ya baba mdogo. Ukashuka kidato kwa kidato, peke yako, shuka jipya, na hapakuwa na mtu aliyevua kofia. Wanawake walipiga vigelegele. "Kamwene, kamwene," salamu kila mahali. Anna akasahau kwamba bibi harusi anakaa ndani, akatoka mbio akakushika miguu, ukamrudisha ndani kwa maneno makali na mkono mpole, ukampaka mafuta, ukamtoa kama ilivyotakiwa. Mimi niliyaona kwa mbali, nikiwa upande wa pili wa lori, nikijifanya nakaza boliti.

Ndipo baba mdogo akaja na wazee wa upande wa bwana harusi. Wakalizunguka lori. Wakalitazama lile bomba lililopanda kama shingo ya twiga. Mmoja akauliza kwa sauti, "Hili limetengenezwa gereji gani?"

Mama Tito akafungua mdomo kusema, mume wangu. Lakini wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mafuta bado mikononi, nawe ukajibu kabla yake, mbele ya wakwe wapya wote, bila kumpitia kuku:

"Tumelifua mimi na mkwe wangu."

Mwanamke ametaja uhunzi kuwa wake, na mama mkwe amemtaja mkwewe, yote kwa pumzi moja. Wazee hawakujua waanzie kushangaa wapi, kwa hiyo wakaenda kula. Mimi nilibaki nimeshika ile boliti. Ilikuwa imekaza tangu Njombe.

Ulibaki Makambako na Anna, ikawa vizuri kwako, kwenye jua. Lakini hukuniachia kazi. Kila nilipopita na mizigo, ulinisikia tangu njia panda, na siku nyingine Anna alikimbia barabarani na ujumbe: "Mama anasema shingo imepasuka upande wa kushoto." Nikifungua, kweli, ufa wa unywele. Na mkononi mwake Anna alikuwa na jani la boga, na ndani ya jani bonge lililokwisha kandwa. Miaka minne nimeendesha kwa udongo wako. Mafundi wa gereji wamenitaka mara kadhaa nibadilishe bomba, niweke la dukani, na mimi nawaambia halijaharibika.

Msalaba tutakaokuletea ni wa chuma. Nimeufua mwenyewe, na utaona mkono mmoja umepinda kidogo, kwa sababu nilikuwa navukuta na kupiga mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kuniambia ningoje. Usiuseme sana.

Ulipofariki, Anna alinipa bonge la mwisho. Lilikuwa kwenye jani lake, juu ya jiwe la mlangoni, tayari kwa safari yangu ya wiki ile. Nililiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Likakauka likawa jiwe, alama za vidole vyako zimebaki, nami nikaapa kuwa halitaguswa. Jana nimewasha lori kwa ajili ya safari ya kesho, nikasikia shingo inapiga mluzi. Ufa ule ule, upande wa kushoto. Nikachukua udongo mwingine nikajaribu kukanda wangu, makapi yakazidi, ukaanguka. Mama Tito alikuwa amesimama ananitazama. Akaingia ndani akatoka na bonge lako na kata ya maji, akaviweka karibu nami, akarudi jikoni.

Nilidhani halitakubali tena. Nikalitia maji, nikangoja, likalainika kana kwamba umelikanda asubuhi. Nimelipaka lote. Lori liko kimya, na kesho ndilo litakalokuletea watu wako.

Ahsante, mama. Hayo maneno mawili nilitakiwa kukwambia miaka yote, na sikuona njia ya kumpa kuku.

Pumzika, huku tuko salama na watoto wanakua.

Ni mimi, mkweo,
Baba Tito